Mpangaji wa Nyumba Tupu

Usiku wa jana, usiku wangu wa mwisho kulala katika nyumba yetu ya Tukuyu, niliota kwamba siku ya kuhama imefika, mimi nimechelewa kuamka, na vyombo vimeanza kuhama bila mimi.

Kabla sijaenda mbele, niseme kwanza mambo yalivyo nje ya ndoto, usije ukachanganya. Mimi naitwa Tusekile. Nachora ramani katika ofisi ya ardhi, na nimehamishiwa Dodoma. Nyumba hii tuliachiwa na wazazi, mimi na dada yangu Atuganile. Tumeishi humo wawili miaka mingi. Hatukuolewa, na watu walikwisha kuchoka kutuuliza. Halafu mwaka jana, baada ya mavuno, dada akaolewa. Alikuwa amepita hamsini. Mume wake ni mgane wa Kyela, mkulima wa mpunga, mtu mpole ambaye hucheka kabla hajamaliza kusema. Nilicheza harusini mpaka kiatu kikakatika. Sina la kulalamika. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemkosea mwenzake. Dada alipata mume, mimi nikabaki na vikombe viwili.

Jana jioni jirani yetu, Mama Lusajo, alikuja kunipa kanuni za kuhama. Mume wake alikuwa askari, na kwa ajili hiyo amehama kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Sikiliza, Tuse. Vya kuvunjika vikae juu. Vya jozi usivitenganishe. Kitu ambacho hujakitumia mwaka mzima, kiache, kitakuongezea mzigo tu. Na nyumba uiage. Nyumba isiyoagwa huwa mahame."

Nilimshukuru, nikalala. Hayo yote ni kweli. Yanayofuata ni ndoto.

Nasikia vishindo sebuleni. Naenda kutazama. Viti vyote vimepanga foleni mbele ya mlango, meza iko nyuma yao, na mbele ya foleni amesimama Futi. Huyu ni ile futi ya chuma ya kujikunja niliyoazima kwa seremala ili nipime kabati. Sasa ana urefu wa mtu, na kichwa chake kimeinama kidogo kwa sababu chuma chake ni chembamba. Akitaka kusema hujitoa nje. Akimaliza hujirudisha ndani kwa kishindo.

"Umechelewa, mama," alisema. "Chenye miguu kitatembea. Kisicho na miguu kitapanda lori. Ndiyo kanuni."

"Vitatembea mpaka Dodoma?"

"Miguu ni ya nini?"

Kiti kimoja kiliinua mguu wake wa nyuma. "Mimi huu ulipigiliwa msumari," kilisema. "Sijui kama utafika."

"Utachechemea," alisema Futi.

Viti vikatoka kimoja kimoja, vikashika barabara, mvua ikivinyeshea. Meza ilitoka kwa ubavu, kama tunavyoitoa nje siku za msiba. Kabati, kwa kuwa halina miguu, lilipandishwa lorini, likakaa limeangalia mbele kama mgeni rasmi.

"Na mimi nina miguu," nilisema, nikaanza kuvaa viatu.

Futi alinipima kutoka utosini hadi kisiginoni. Halafu akanipima kutoka bega hadi bega. Alirudia mara ya pili, kama seremala asiyeamini macho yake.

"Upana ni wa mtu mmoja," alisema. "Jozi yako iko wapi?"

"Iko Kyela. Imeolewa."

Alijirudisha ndani, akakaa humo kitambo. Alipotoka tena, sauti yake ilikuwa ya taratibu zaidi.

"Vya jozi havitenganishwi."

"Vimekwisha kutenganishwa."

"Basi wewe si chenye miguu tena. Wewe ni chombo cha kuvunjika." Akachukua karatasi yenye gundi, akanibandika kifuani. Karatasi iliandikwa KINAVUNJIKA. "Utakaa juu ya mzigo."

Sikubishana naye. Katika ndoto jambo hilo lilionekana la haki kabisa. Hata nilifarijika kidogo kwamba kuna mtu amegundua.

Pembeni, chini ya dirisha, vilirundikwa vitu ambavyo sijavitumia mwaka mzima. Kulikuwa na sufuria kubwa ya kupikia wageni, mwavuli mpana wa kwenda nao watu wawili kanisani, na kitanda cha dada. Kitanda hicho kina miguu kama viti, lakini kilikuwa kimeikunja na kukataa kusimama.

"Fungua kinywa," Futi aliniambia.

Nilifungua. Aliingiza ncha yake mpaka kooni, akavuta kitu chembamba na kirefu, chekundu kidogo, kama utepe wa kushonea. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?"

Sikukijua. Kitanda cha dada ndicho kilichojibu.

"Hiyo ni sauti yake ya kuita. Ile ya kumwitia mtu aliye chumba kingine. 'Dada, chai!' 'Dada, mvua hiyo, anua nguo!' Hajaitumia tangu mwenyewe wangu aondoke."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Inabaki," alisema Futi.

Nilikuwa nimebakiwa na sauti ndogo, ya kusemea na mtu aliye karibu. Nikaitumia hiyo. "Huko naweza kuihitaji."

"Utamwita nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa namna ya mtu anayechukua vipimo. Nilitafuta jina. Nilitafuta Dodoma nzima, ninavyoijua kwa ramani, mtaa kwa mtaa, sikupata. Futi akaikunja ile sauti vizuri, akaiweka juu ya sufuria kubwa.

Nilikumbuka kwamba nyumba lazima iagwe. Nikasimama katikati ya sebule nikasema, "Kwaheri, nyumba." Lakini kwa sauti ile ndogo, na mvua ilivyokuwa ikipiga mabati, nyumba haikusikia. Ilikuwa inatazama upande wa migomba. Futi akaniambia lori linaondoka.

Niliwekwa juu kabisa, juu ya kabati na magunia, pamoja na vile vikombe viwili vilivyofungwa katika gazeti moja. Lori halikuwa na dereva. Futi alikaa mbele akitaja umbali, na lori likawa linautii. Vikombe vilizungumza njia nzima kwa sauti ya chini. Nilipoinama kusikiliza, vilinyamaza. Nilipojiinua, vikaendelea. Kimoja kilicheka.

Tukapinda kona ya soko la Tukuyu, na palepale tukawa Kyela. Kwa kawaida kona hiyo haipeleki Kyela. Inapeleka kwa fundi wa redio.

Lori likaingia nyumbani kwa shemeji kwa mlango wa mbele. Lilipita sebuleni, katikati ya meza na televisheni, polepole, bila kugusa kitu. Nililazimika kulala kifudifudi kwa ajili ya dari. Dada na shemeji walikuwa wanakula wali na samaki. Dada aliinua miguu yake, kama anavyofanya mtu anayepisha ufagio.

"Piteni, piteni," alisema bila kuinua macho.

Shemeji alikuwa anasimulia jambo na tayari anacheka. Dada naye akacheka. Kilikuwa ni kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa kiganja, ambacho siku zote nilidhani ni cha nyumba yetu peke yake. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mvi mpya juu ya sikio. Amenenepa. Rangi yake imependeza. Nikafungua kinywa nimwite.

"Dada," nilisema.

Ilitoka ile sauti ndogo, ya kumwambia mtu siri. Lori liliimeza.

Nyuma yetu viti vilikuwa vimetufikia. Navyo vilipita sebuleni, kimoja kimoja, na kila kimoja kilimwamkia dada. Viti ndivyo alivyoviona. Akaacha kula, akavitazama kwa furaha kama ndugu waliotoka mbali.

"Hamjambo wanangu! Mnaenda Dodoma?"

"Tunaenda, mama."

"Msalimieni Tuse."

"Tutamsalimia," kilisema kile chenye msumari, kikapita kikichechemea.

Mlango wa nyuma wa shemeji unatokea Dodoma. Sikuwahi kulijua hilo. Ghafla hakuna mvua, hakuna migomba, kuna upepo mkavu, vumbi jekundu, na mbali kidogo mashamba ya mizabibu. Kile kiti kikasogea ubavuni mwa lori.

"Dada yako anakusalimu," kiliniambia.

"Nimesikia," nilisema.

Tukafika kwenye makazi yangu mapya. Hapa sina budi kueleza. Nyumba hiyo sijaiona kwa macho. Dalali alinieleza kwa simu vyumba vilivyo, nami nikaichora kwa penseli, ili nijue kabati litakaa wapi na kitanda kitaelekea wapi. Katika ndoto, nyumba ilikuwa ndiyo ule mchoro wangu. Kuta ni karatasi nyeupe, pembe zake ni mistari ya penseli, na ardhini nje kuna mshale mkubwa ulioandikwa KASKAZINI. Niliiona ni kazi safi. Tatizo, haikuwa na mlango.

Futi aliizunguka yote, akarudi.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Mlango uko wapi?"

"Dalali hakuutaja. Nikadhani kila nyumba ina mlango."

"Nyumba ina kile kilichochorwa, mama."

Nilitoa kifutio mfukoni, nikafuta ukuta kidogo, upana wa mtu mmoja. Kabati lilipoona tundu lile, likageuza uso. "Mimi simo," lilisema. Nikafuta tena, mpaka likaridhika. Lakini Futi alisema mwenye nyumba huingia kwanza, peke yake, apige hodi.

Nikaingia. Ndani hakukuwa na kitu. Sakafu ya saruji, kuta, dirisha.

"Hodi," nilisema kwa sauti yangu ndogo.

"Hodi, hodi, hodi!" nyumba ilijibu kwa sauti kubwa. Halafu mtu akakohoa. "Samahani, mama. Hiyo ilikuwa kazi. Mbukwa. Karibu ndani."

Mbukwa ni salamu ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Nilitazama pembeni, nikamwona aliyesema. Hakuwa na umbo. Alikuwa kama hewa iliyosimama, ile inayotetemeka juu ya mabati wakati wa jua kali. Lakini alisimama kwa adabu.

"Wewe ni nani?" niliuliza.

"Ni nani, ni nani. Samahani. Mimi ni Mwangwi. Ndimi mpangaji wa nyumba tupu. Alinifundisha kusema mzee aliyepiga lipu kuta hizi. Kila asubuhi, kabla hajashika mwiko, alikuwa anaziamkia, chumba kwa chumba. Mbukwa ndilo neno langu mwenyewe. Mengine yote narudisha tu."

"Basi mimi ndiye mpangaji mpya."

"Mpya, mpya," alisema, na safari hii hakuomba samahani. "Una vitu vingi?"

"Vya nyumba ya watu wawili."

"Ah," alisema.

Nilitaka kuwaambia walioko nje walete mizigo, lakini sauti yangu haikufika hata dirishani. Mwangwi akanisaidia. Nilinong'ona, "Leteni," naye akatangaza, "Leteni, leteni!" mpaka kuta za karatasi zikapepea. Vitu vikaanza kuingia.

Kabati likaingia, likakaa pale pale nilipolichorea. Mwangwi akasema, "Mbukwa," lakini lilitoka fupi, limekatika nyuma. Meza ikaingia. Akasema, "Mbu." Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Unaumwa?"

"Umwa. Samahani. Vya mbao navivumilia, mama. Wauaji wangu ni vitambaa. Pazia, godoro, zulia. Vinameza."

"Vinameza nini?"

"Nini, nini. Vinanimeza mimi."

Wakati huo godoro lilikuwa limefika mlangoni, limejikunja, linasubiri. Nikainua mkono, nikalizuia. Nikaviambia vitu vyote visubiri nje. Hata meza nikaitoa, na kabati nikaliomba lisogee barazani kidogo. Liliondoka bila kusema neno, na ilikuwa afadhali lingesema.

Nikaketi sakafuni. Mwangwi akarudi katika hali yake, akajaa chumba kizima. Tukakaa.

"Umekula?" nilimwuliza.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado," nilisema.

"Bado," alisema.

"Basi tutakula."

"Tutakula."

Nilijua kwamba ni maneno yangu mwenyewe yanarudi. Mimi si mjinga, hata nikiwa nimelala. Lakini ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuniuliza ndani ya nyumba kama nimekula. Lilitoka wapi swali, sikujali sana. Lilifika.

Nje jua linapanda. Viti vinagonga ukuta. "Mama, miguu inauma," vinasema. Godoro linalalamika kwa sauti nzito kwamba lenyewe limezaliwa kulaliwa, si kulala nje kama mbuzi. Futi anaingiza kichwa chake mlangoni.

"Chagua, mama," alisema. "Nyumba hii nimeipima. Inaingia vitu au inaingia sauti. Vyote viwili haviingii."

"Nipe nafasi kidogo."

"Nafasi ndiyo hiyo tunayoizungumza," alisema Futi, akajirudisha.

Nikafanya jambo moja. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya karibu, "Dada, chai!"

Na Mwangwi akaita, kwa sauti kubwa, safi, iliyopanda mwishoni: "Dada, chai!"

Nilishtuka. Ilikuwa ni sauti yangu ile iliyobaki Tukuyu. Sikuwahi kuisikia kutoka nje. Hivyo ndivyo dada alivyokuwa akinisikia miaka yote, akiwa chumbani anasuka nywele au anatafuta miwani. Nikageuza uso kwenye mlango wa chumba cha pili. Nikasubiri kusikia kandambili zake. Tulisubiri wote wawili, tumetazama upande mmoja.

Hakuna aliyekuja.

"Mbona huitiki?" nilimwuliza.

"Itiki, itiki. Samahani." Akakohoa. "Mimi sijui kuitika, mama. Narudisha tu. Hata mimi nilikuwa nasubiri."

Hapo nikaona kwamba tuko wawili tunaongoja. Nikamhurumia kuliko nilivyojihurumia, na hilo lilinipa nguvu ya kusimama.

"Ukipata nyumba nyingine," nilisema, "ungependa iweje?"

"Iweje. Iwe tupu tu, mama. Sina masharti."

"Ninayo moja Tukuyu. Vyumba vina dari ya juu. Leo imebaki tupu."

"Tupu," alisema, na nadhani alitabasamu. "Kuna mvua huko?"

"Karibu kila siku."

"Na mabati?"

"Na mabati."

"Mvua ikipiga mabati itanifunika."

"Itakufunika. Halafu itakatika, na baada yake kuna ukimya mzuri sana. Utaupenda. Na Jumamosi dada yangu atakuwa anakuja kuangalia migomba. Akifagia huzungumza peke yake."

Mwangwi alisogea karibu. "Huzungumza sana?"

"Tangu anaingia mpaka anafunga mlango. Humgombeza mpaka buibui."

"Basi nitapata kazi," alisema.

Nikamwomba jambo moja. Nilimwambia kwamba sikuiaga nyumba vizuri, sauti haikunitosha, na sitaki iwe mahame. Akifika aniagie.

Alifikiri. "Kwaheri ni neno la anayeondoka, mama. Mimi nitakuwa nafika. Ruhusu niseme langu."

"Sema lako," nilimwambia.

"Lako, lako," alisema. "Samahani. Ahsante."

Hakuwa na cha kufungasha. Alipita mlangoni akaziacha kuta zimelegea. Futi alimzuia kwenye ngazi ya lori.

"Vya jozi havitenganishwi. Jozi yako iko wapi?"

"Iko wapi, iko wapi," alisema Mwangwi. "Sina jozi, bwana. Mimi ndiye jozi."

Futi alijaribu kumpima. Chuma chake kilipita katikati ya hewa, kikapinda, kikaanguka. Akakizoa. "Hana urefu," alisema. "Hana uzito. Apande."

Lori likaondoka kwa mlango wa nyuma wa shemeji, na sikuliona tena.

Nikaviita vitu. Sikuhitaji sauti kubwa, vilikuwa mlangoni. Kabati likarudi mahali pake. Meza ikaingia. Viti vikaizunguka, vikakaa vyote vikiangalia kiti kimoja, nikajua hicho ni changu. Godoro likajilaza, likashusha pumzi. Pazia likajitundika. Mwisho zulia likajikunjua toka ukutani hadi ukutani, taratibu, na kadiri lilivyosogea nilisikia nyumba inaziba, kama masikio yanavyoziba gari linapopanda mlima.

"Hodi," nilisema kwa kujaribu.

Neno lilianguka palepale miguuni pangu, likalala juu ya zulia. Halikuamka.

Nilijibandua ile karatasi ya kifuani. Haikutoka vizuri, gundi ilibaki kwenye nguo. Nikavitoa vikombe katika gazeti, nikaviweka rafuni. Havikuzungumza tena. Nikakaa kwenye kiti changu, mikono juu ya meza, katika nyumba iliyopangwa vizuri sana, na nakwambia kweli sijapata kuwa peke yangu namna ile. Nilikaa. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa bado nimekaa nilipoamka.

Kumekucha. Nimelala kwenye godoro chini, chumbani kwangu, Tukuyu. Mvua imepiga usiku kucha na sasa inakatika. Nikaenda jikoni, ambako nilibakiza birika na sukari kwenye karatasi, nikawasha jiko la mafuta ya taa. Lori lilikuwa bado halijafika. Mizigo mingine yote ilikuwa imewekwa barazani tangu jana, chini ya turubai, na vyumba vingine vilikuwa vitupu.

Nikasikia mlango wa mbele unasukumwa.

"Tuse! Tuse, ugonile?"

Alikuwa dada, ananiamkia kwa Kinyakyusa. Nilijua hawezi kuja. Alikwisha kuniambia kwa simu kwamba wako katika kupandikiza mpunga. Nilisimama na kijiko mkononi, na kabla sijapata pumzi ya kumjibu, nikasikia akijibiwa.

"Mbukwa," ilisema nyumba.

Ilisema mara moja tu, wazi, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajazoea mvua.

"Haya!" dada akacheka huko sebuleni. "Hata Dodoma hujafika, umeanza kunijibu Kigogo. Toka chumbani kwa mama nikuone."

Mimi nikatokea jikoni, upande wa pili.

Dada alikuwa amesimama katikati ya sebule, mwavuli unamchuruzika, kapu la mchele kichwani. Alinitazama mimi. Akatazama mlango wa chumba cha mama, uliokuwa wazi. Akanitazama tena. Nikamtua kapu, tukakumbatiana, naye akiwa bado anatazama kule kwa juu ya bega langu.

"Nilipata gari la kwanza," alisema karibu na sikio langu. "Shemeji yako kasema, nenda kamsindikize mdogo wako, mpunga hauhami." Halafu akashusha sauti. "Tuse. Nani yuko chumbani?"

"Mpangaji," nilisema.

"Umepangisha? Bila kuniambia?"

"Amekuja usiku. Ni mtu wa heshima. Hana vitu, na hatasumbua. Ukija Jumamosi kufagia, mwamkie kwanza, halafu mzungumzishe."

Dada alinikazia macho kuona kama natania. Akaona sitanii. Alikung'uta maji mwilini, akafunga kitenge chake upya, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba kile kitupu, na akainamisha magoti kidogo, kama tulivyofundishwa kumwamkia mgeni aliyetoka mbali.